Ngamia na ndege mdogo: nani hodari wa jangwa?

Mmoja ana uzito wa kilo 500 hivi, mwingine gramu 15 tu. Hata hivyo, ngamia na ndege mdogo mwimbaji mwenye koo jeupe, ambaye wataalamu humwita Curruca communis, wote wawili huvuka jangwa la Sahara. Kila mmoja ana mbinu inayolingana na umbo lake.

Joto la mwili

Mwili mkubwa huchelewa kupata joto, na huchelewa pia kupoa. Mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen, aliyewachunguza ngamia nchini Algeria mwaka 1953 na 1954, alionyesha kuwa joto la ngamia aliyekosa maji huweza kushuka hadi nyuzi 34 alfajiri na kupita nyuzi 40 jioni. Joto alilolimbikiza mchana hulitoa usiku, pasipo kupoteza maji mengi kwa jasho.

Ndege hana nafasi hiyo. Mwili wake hupata joto upesi, wala hatoki jasho. Hutweta ili apoe, na kila pumzi humpunguzia maji. Watafiti wa Uswisi waliotumia rada nchini Mauritania walieleza mwaka 2007 kwamba ndege waimbaji wengi huvuka Sahara kwa kuruka usiku na kupumzika mchana.

Akiba ya safari

Nundu ya ngamia si mtungi wa maji kama wengi wanavyodhani, bali ni ghala la mafuta. Ndege naye hujaza mafuta chini ya ngozi kabla ya kuondoka. Tofauti ni kwamba ngamia aweza kupoteza maji kufikia robo ya uzito wake, kisha akanywa zaidi ya lita 100 kwa muda wa dakika 10 hivi. Ndege akiishiwa katikati ya jangwa, safari yake imekwisha.

Onyo la mwaka 1969

Hatari hiyo ilidhihirika nchini Uingereza mwaka 1969, pale takriban robo tatu ya ndege hao walipokosa kurejea kuzaliana. Ukame ulikuwa umeukumba ukanda wa Saheli, kusini mwa Sahara, ambako hukaa msimu wa baridi ya Ulaya na kujinenepesha kwa wadudu na matunda ya vichaka.

Jangwa walikuwa wamelizoea tangu kale. Walichokikosa ni chakula kwenye ukingo wake.