Congo: Muumini na asiyeamini Mungu, nani amheshimu nani?

Rais wa Congo anapoapishwa, huapa mbele ya Mungu na taifa. Ndivyo kinavyotaka kifungu cha 74 cha Katiba ya 2006. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu chake cha kwanza, inasema kwamba Congo ni nchi isiyofungamana na dini yoyote. Kati ya vifungu hivyo viwili ndipo wanapoishi Wacongomani wachache wanaosema hawaamini kama Mungu yupo.

Maisha yao si rahisi. Mashariki mwa nchi, iwe Bukavu, Goma, Butembo au Uvira, mikutano mingi hufunguliwa kwa sala. Kijana akipeleka barua ya posa, familia ya binti huuliza anasali wapi. Kwenye matanga, watu hutaka kujua ni padri, pasta au shehe gani atakayeongoza maombi. Anayejibu kwamba hana dini huitwa mpagani. Wengine humdhania kuwa ameingia katika ulozi au vyama vya siri, ingawa yeye mwenyewe anasema haamini hata kama ulozi upo.

Kazi nayo ina uzito wake. Shule nyingi za msingi na sekondari ni zile zinazoitwa konvansyone, yaani shule za serikali zinazosimamiwa na makanisa kufuatana na mkataba wa tarehe 26 Februari 1977. Serikali ndiyo inayopaswa kulipa mishahara, lakini usimamizi wa kila siku uko mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na wengine. Mwalimu asiyeamini anayefundisha humo ana sababu ya kufunga mdomo.

Wasioamini wana malalamiko yao. La kwanza ni pesa: waumini maskini hutoa sadaka na fungu la kumi wakiahidiwa muujiza, wakati mhubiri ndiye anayenunua gari. La pili ni zito zaidi, nalo ni watoto na wazee wanaosingiziwa ulozi katika baadhi ya vyumba vya maombi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshutumu mtoto kuwa ni mchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamtishia anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Hata hivyo, shutuma hizo hazijaisha. Katika Kivu Kusini, wanawake wazee wameuawa na makundi ya watu baada ya kutajwa na watabiri wanaochanganya sala na uaguzi.

La tatu ni afya. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2.200, kuna wagonjwa waliopelekwa kuombewa kwanza badala ya kupelekwa hospitali. Kwa asiyeamini, huo ni ushahidi kwamba imani inaweza kuua.

Waumini nao hawakosi jibu. Wanauliza: ni nani aliyejenga hospitali hizo? Panzi, huko Bukavu, ambako Daktari Denis Mukwege aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 ametibu wanawake waliobakwa, ni hospitali ya kanisa la CEPAC. Na Mukwege mwenyewe ni mchungaji. Wakati wa Ebola, makanisa pia ndiyo yaliyoweka ndoo za maji mlangoni na kuwafundisha watu wasisalimiane kwa mikono.

Wanakumbusha pia vita. Serikali ilipokimbia, watu wa Mungu walibaki. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996 akiwa bado anatetea wakaaji wa mji wake na wakimbizi. Kwa mama aliyezika watoto na kukimbia kijiji chake mara tatu, sala si upumbavu. Ndiyo kitu pekee ambacho waasi hawakumnyang'anya. Anapomsikia kijana msomi akicheka imani yake, anaona amedharauliwa yeye.

Pande zote mbili zina pa kukosolewa. Asiyeamini hukosea anapoyaweka makanisa yote katika kapu moja, kana kwamba padri anayeendesha kituo cha afya ni sawa na nabii anayeuza mafuta ya miujiza. Muumini hukosea anaposema kwamba asiyemwogopa Mungu hawezi kuwa mtu mwema. Nchi yenye makanisa karibu kila barabara ingekuwa imemaliza rushwa zamani kama kwenda kusali tu kungetosha.

Kenya imeshapitia mvutano huu mbele ya sheria. Mwaka 2016, chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa, halafu miezi michache tu baadaye kikasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu. Baadaye kikaruhusiwa kuendelea. Mwaka 2021, katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu, na chama kikamtakia heri. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Nigeria mambo yalikwenda vingine: Mubarak Bala, aliyeacha Uislamu, alikamatwa 2020 kwa sababu ya maandishi yake kwenye Facebook, na mwaka 2022 akahukumiwa miaka 24. Korti ya rufaa iliipunguza adhabu hiyo, naye akatoka gerezani mwaka 2025.

Congo ina somo lake mwenyewe. Simon Kimbangu alikamatwa na wakoloni mwaka 1921 kwa sababu ya mahubiri yake, akafia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Mwaka 1972, Kardinali Malula alilazimika kwenda Roma alipogongana na Mobutu kuhusu majina ya Kikristo. Mwaka 1974, Noeli iliondolewa kwenye orodha ya sikukuu za taifa. Wote hao walikuwa waumini, na walichokosa ni ulinzi wa dhamiri.

Ulinzi huo sasa umeandikwa katika kifungu cha 22: kila mtu ana haki ya uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Hakisemi kila muumini. Mkristo wa Beni, Mwislamu wa Kasongo na mwalimu asiyesali popote wamefunikwa na blanketi moja. Anayeivuta ili mwenzake abaki nje, siku utawala ukibadilika, baridi inaweza kumkuta yeye.