Mtihani wa Uuguzi: Machozi Yasitangulie Matokeo

Binti atafutaye leseni ya uuguzi Marekani hutoka katika mtihani wa NCLEX-RN akilia: maswali yalizidi ugumu, kisha kompyuta ikasimama ghafla. Wazazi, msifanye haraka kuhuzunika.

Mtihani huu hauhesabu asilimia ya majibu sahihi. Akijibu sawa, huletewa swali gumu zaidi. Akikosea, jepesi kidogo. Hivyo hata mwanafunzi hodari hukosa karibu nusu. Kwa kawaida kompyuta husimama ipatapo yakini ya asilimia 95 kwamba uwezo wake umevuka kiwango au haukukifikia: baada ya maswali 85 hadi 150, ndani ya saa tano.

Basi ugumu si dalili ya kuanguka. Asipofaulu, aweza kurudia baada ya siku 45. Mliwazeni, msimlaumu.