Mawese haya yalipita mikononi mwa nani?

Sokoni tunauliza bei kwanza. Ni mara chache tunauliza chakula kilitoka kwa nani na nani alikileta.

Katika mji wa Bristol, Uingereza, msanii Kate Rich alianza mwaka 2003 biashara ya chakula anayoiita Feral Trade. Alianza na kahawa kutoka El Salvador. Bidhaa zake nyingi zinabebwa na marafiki na watu wengine wanaosafiri, ndani ya valizi zao. Kila safari inaandikwa: nani alitoa, nani alibeba, ilipita wapi. Mnunuzi anajua mikono yote.

Kwetu pia tunatumiana mizigo kwa watu tunaowajua. Ila hatuandiki. Bidoni ya mawese ikifika imechanganywa, muuzaji anamsingizia shoferi, shoferi anamsingizia mkulima, na hasara inabaki jikoni kwetu.

Basi kila kikundi kinunue daftari moja. Tuandike jina la mkulima, la mbebaji, tarehe na kiasi. Mawese yakiwa mabaya, tutajua pa kuuliza. Yakiwa mazuri, tutajua pa kurudi.