Vyuma vya miguu vya mtoto: Kumbukumbu isiyostahili kutupwa

WAZAZI wengi huhifadhi kiatu cha kwanza cha mtoto au picha ya siku aliyoanza shule. Lakini mtoto anayetembea kwa msaada wa vyuma vya miguu anapokua, vyuma vilivyokuwa vidogo mara nyingi huishia stoo au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hiyo ni hasara, kwa kuwa vyuma hivyo ni sehemu ya historia ya mtoto mwenyewe na ya watu wenye ulemavu kwa jumla, historia ambayo haijaandikwa vya kutosha.

Vinavyofahamika zaidi ni vyuma vya waliougua polio. Kirusi cha ugonjwa huo huharibu neva zinazoendesha misuli, na mguu hukosa nguvu ya kuubeba mwili. Fundi huweka fito mbili za chuma, moja kila upande wa mguu, huzifunga kwa mikanda ya ngozi na kuziunganisha na kiatu. Kwenye goti huwekwa bawaba yenye kufuli, ambayo hufungwa mtu anaposimama na kufunguliwa anapoketi.

Kwa kuwa mfupa hukua na chuma hakikui, mtoto hubadilishiwa vyuma mara kadhaa. Kila jozi hubaki na habari zake. Urefu wa fito huonyesha kimo chake wakati huo, soli iliyolika upande mmoja huonyesha alivyotembea, na alama za kuchomelea huonyesha kuwa vyuma vilivunjika vikatengenezwa tena. Ni nadra mambo hayo kuandikwa kwenye faili la hospitali.

Mfano wa historia iliyofichwa ni wa Franklin Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 39 na baadaye akawa Rais wa Marekani. Vyuma vyake vilipakwa rangi nyeusi ili visionekane kirahisi. Machi 1, 1945, akilihutubia Bunge akiwa ameketi, alitaja hadharani uzito wa chuma alichobeba miguuni, takriban kilo nne na nusu. Alifariki dunia mwezi uliofuata.

Mnara wake wa kumbukumbu ulipofunguliwa Washington mwaka 1997, watu wenye ulemavu walilalamika kwamba ulemavu wake haukuonyeshwa wazi. Mwaka 2001 iliongezwa sanamu inayomwonyesha akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Hapa nchini, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa vifaa hivyo tangu mwaka 1981. Siku hizi vingi hutengenezwa kwa plastiki, kwa kufuata umbo la mguu wa mtoto husika.

Agosti 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilithibitishwa kuwa haina kirusi cha asili cha polio, ingawa Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mwenye kirusi kilichotoka nje ya kanda hiyo. Kwa hiyo wengi waliovaa vyuma kwa sababu ya polio sasa ni watu wazima, na wasipoulizwa mapema watazeeka na kuondoka na habari zao.

Hata hivyo, si kila kifaa cha kuwekwa kabatini. Viatu vya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, kwa mfano, vinaweza kumfaa mtoto mwingine. Mzazi amuulize kwanza fundi au kliniki iliyovitoa, asimvalishe mtoto mwingine bila ushauri wao. Kabla ya kuvitoa, anaweza kuvipiga picha.

Anayeamua kuvihifadhi avifute vumbi, aviweke pakavu visipate kutu, wala asifute mikwaruzo. Aandike pembeni jina la mtoto, mwaka na mahali vilipotengenezwa.

Muhimu zaidi, mtoto mwenyewe aulizwe. Kwa mmoja vyuma ni fahari ya kutembea. Kwa mwingine ni kumbukumbu ya maumivu na kuchekwa shuleni. Uamuzi wa kuvitunza, kuvionyesha au kuviacha ni wake, na maelezo yake yanastahili kuandikwa.