Jina la Ubavuni na Chuma cha Ndani: Soko la AR-15 Marekani

Hataza ya Eugene Stoner, mbunifu wa bunduki ya AR-15, ilipokwisha muda mwaka 1977, mlango ulibaki wazi. Kampuni ya Colt, iliyonunua haki za bunduki hiyo kutoka kampuni ya ArmaLite mwaka 1959, ilibaki na alama ya biashara, yaani jina AR-15, lakini muundo ukawa wa yeyote mwenye leseni na mashine. NSSF, chama cha wenye viwanda vya silaha Marekani, kilikadiria mwaka 2022 kwamba bunduki zaidi ya milioni 24 za aina hii na zinazofanana nayo zilikuwa zimetengenezwa au kuingizwa nchini humo tangu 1990.

Sheria ya shirikisho nayo imelitengeneza soko kwa namna yake. Kinachohesabika kuwa bunduki ni kiunzi cha chini chenye namba ya usajili. Mtutu, bolti, kitako na vingine vyote huuzwa kama vipuri, ingawa yapo majimbo yenye masharti makali zaidi. Ndiyo maana kampuni nyingi zinazojiita watengenezaji kwa kweli ni waunganishaji. Viwanda vichache hufua alumini ya viunzi, vingine vichache huchonga mitutu, kisha kila mwenye duka hugonga nembo yake. Bunduki ya dola 500 na ya dola 1,000 zinaweza kuwa na viunzi vilivyotoka kwenye tanuru moja.

Tofauti ya bei basi imejificha wapi? Mara nyingi kwenye bolti. Meno yake ndiyo yanayobeba shinikizo la kila risasi, na ikichoka hupasuka hapo au kwenye tundu la pini. Kiwango cha jeshi kinadai chuma cha aina ya Carpenter 158, kila bolti ijaribiwe kwa risasi ya shinikizo la juu, kisha ikaguliwe kwa sumaku ili nyufa zisizoonekana kwa macho zijitokeze. Ukaguzi huo ni gharama, na muuzaji wa bei rahisi hupima chache tu katika shehena nzima, au hapimi kabisa. Skrubu zinazoshika kipokeo cha gesi juu ya kibebeo cha bolti nazo zinapaswa kugongwa kingo ili zisilegee. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, lakini hata hiyo wapo wanaoiruka.

Mtutu una historia ya uchungu. Huko Vietnam askari wa Marekani walikufa M16, toleo la kijeshi la bunduki hii, zikiwa zimekwama mikononi mwao. Baruti ilikuwa imebadilishwa na chemba haikupakwa kromu. Bunge lilichunguza mwaka 1967, na kromu ikawa sharti. Leo wengi hutumia nitridi, ambayo ni nafuu na inatosha kwa mlenga shabaha wa kawaida. Neno “milspec”, yaani kiwango cha jeshi, kwenye tangazo, kwa maoni yangu, halina uzito wowote: hakuna ofisi ya serikali inayokagua bunduki ya raia kabla haijaandikwa hivyo. Kitako cha rangi ya jangwa na reli za kuning'inizia tochi ndivyo hung'aa dukani, na ndivyo vyenye faida nono.

Hata jina lenyewe huhama. Kampuni ya Bushmaster ilijengeka Windham, Maine, hadi kampuni ya uwekezaji ya Cerberus ilipoinunua mwaka 2006. Mwaka 2011 kiwanda cha Maine kilifungwa, uzalishaji ukahamishiwa kwingine. Mmiliki wa zamani, Richard Dyke, alikusanya mafundi walewale, akaanzisha Windham Weaponry. Kwa miaka kadhaa mnunuzi alikuwa na chaguo la ajabu: jina lililozoeleka lililotengenezwa na mikono mipya, au mikono iliyozoea kazi chini ya jina geni. Mwaka 2012 bunduki ya Bushmaster ilitumika kuua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook. Kesi ya familia zao dhidi ya Remington, kampuni ambayo chini yake Cerberus ilikuwa imeiweka Bushmaster, iliishia mwaka 2022 kwa malipo ya dola milioni 73, yaliyotolewa na kampuni za bima. Remington yenyewe ilikuwa imefilisika na kuuzwa vipande vipande mwaka 2020, na jina Bushmaster likaenda kwa Franklin Armory. Windham Weaponry ilifunga mwaka 2023, mashine zake zikapigwa mnada. Bunduki mpya zenye neno Bushmaster ubavuni bado zinauzwa.