Oili ya Pikipiki: Soma Kopo Kabla ya Kununua

Fungueni madaftari, na kila mmoja awe na kalamu mkononi. Kama darasani kwenu yupo mwenye pikipiki aliyekuja na kopo tupu la oili, liwekeni mezani wote walione. Leo kopo hilo ndilo kitabu chetu.

Wewe umekwisha kujua herufi na tarakimu. Sasa tutazitumia kwa kazi. Watu wengi huingia dukani na kusema, "Nipe oili." Muuzaji huwapa iliyo karibu na mkono wake, au ile yenye bei rahisi. Mwenye pikipiki hurudi nyumbani akidhani oili zote ni moja. Sivyo. Kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake hutoka katika pikipiki hiyo, kosa hili si dogo.

Kwanza tuulize: oili hufanya kazi gani? Ndani ya injini vipo vyuma vinavyokwenda mbio sana. Oili hukaa katikati yao kama utando mwembamba, ili visisagane. Pia huchukua joto na kulipeleka mbali, na hubeba masizi na uchafu mwingine. Ndiyo maana oili njema hugeuka nyeusi baada ya muda. Weusi wake peke yake si dalili kwamba ilikuwa mbovu. Huenda ni dalili kwamba inafanya kazi.

Sasa sikiliza jambo lililo kubwa kuliko yote katika somo hili. Katika motokaa ya kawaida yenye gia za mkono, injini ina oili yake, gia zina oili yake, na klachi hukaa pakavu. Katika pikipiki nyingi si hivyo. Injini, gia na klachi hutumia oili moja. Ni kama wapangaji watatu wanaochota maji katika kisima kimoja.

Klachi hiyo ni sahani kadhaa zilizobanwa pamoja kwa springi. Sahani zikishikana, nguvu ya injini hufika kwenye gurudumu. Fikiri juu ya mkono wako unaposhika mpini wa jembe. Ukijipaka mafuta mengi mkononi, mpini utateleza. Baadhi ya oili za motokaa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, ili gari litumie petroli kidogo. Dawa hiyo ni njema kwa gari, lakini katika pikipiki huweza kuzifanya sahani za klachi ziteleze. Hapo utasikia injini ikilia kwa nguvu mlimani, huku pikipiki haisogei upesi. Sahani zikiendelea kuteleza huungua, na fundi atakuambia ununue nyingine.

Basi utajuaje oili inayofaa? Tafuta alama tatu juu ya kopo.

Alama ya kwanza ni JASO MA. Iandike daftarini: J, A, S, O, halafu M, A. Kipimo hiki kilitungwa Japani mwaka 1998 kwa ajili ya oili za pikipiki. MA maana yake ni kwamba oili imepimwa, na msuguano wake unatosha klachi inayokaa ndani ya oili. Ukiona MA1 au MA2, hizo nazo ni za jamii ya MA. Lakini ukiona MB, simama. Oili ya MB ina utelezi zaidi, na imetengenezwa kwa vyombo ambavyo klachi yake haimo ndani ya oili, kama skuta nyingi zisizo na gia za kubadilisha.

Alama ya pili ni ya uzito, yaani wepesi au uzito wa kumiminika. Huandikwa hivi: SAE 20W-50, au 15W-40, au 10W-30. Tarakimu iliyo mbele ya herufi W hueleza mwendo wa oili wakati wa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka upesi injini ikiwa baridi. Tarakimu ya mwisho hueleza uzito wa oili injini ikiwa moto. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo oili inavyobaki nzito zaidi.

Labda utasema, "Basi nitanunua iliyo nzito kuliko zote, kwa kuwa kwetu Tanga kuna joto." Ngoja kwanza. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini asubuhi unapoiwasha, na mtu wa Makete, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi kali, ataona taabu hiyo zaidi. Tena wenye viwanda hawafanani. Wako wanaoagiza 10W-30, na wako wanaoagiza 20W-50, kwa kuwa injini zao hazikutengenezwa sawasawa. Fuata kitabu kilichokuja na pikipiki yako. Kama kimepotea, muulize wakala anayeuza pikipiki za namna hiyo.

Alama ya tatu ni herufi mbili zinazofuata neno API, kwa mfano SJ, SL au SN. Herufi S ni kwa injini za petroli. Herufi ya pili hufuata mpangilio wa alfabeti: kadiri inavyokuwa mbele katika alfabeti, ndivyo kipimo kilivyo kipya. Kitabu kikisema SJ au zaidi, basi SL inafaa, lakini SG haifai. Hata hivyo, upya wa kipimo hautoshi peke yake. Kwa klachi ya ndani ya oili, JASO MA lazima iwepo.

Na pikipiki za magurudumu manne, zile zinazotumika mashambani na kutembeza watalii ufukweni? Baadhi yake zina klachi ndani ya oili, na kanuni yake ni ileile. Nyingine huendeshwa kwa mkanda unaokaa pakavu, na gia zake huwa na oili ya peke yake. Hizo hutaka oili mbili mbalimbali. Usikisie, soma kitabu.

Ukifika dukani, kagua kifuniko. Kama lakiri imekatwa, liache kopo hilo, kwani wapo wadanganyifu wanaojaza oili chakavu katika makopo mazuri.

Kumbuka pia kupima. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, utazame oili kwa njia iliyoelezwa katika kitabu. Iwe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Ikipungua huunguza injini. Ikizidi nayo huleta madhara. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua takriban lita moja tu, kwa hiyo hata upungufu mdogo ni mkubwa.

Ukimwaga oili chakavu, usiimwage mtaroni wala karibu na kisima, na usijipake mwilini. Ikusanye katika dumu na uipeleke kwa fundi anayezikusanya.

Sasa hesabu. Tuseme kitabu chako kimeandika kubadilisha oili kila kilomita 2,000, nawe huendesha kilomita 100 kwa siku. Gawanya 2,000 kwa 100. Utapata siku 20. Andika tarehe ya leo, kisha uhesabu siku 20 za kazi. Mwenye kufanya kazi katika vumbi jingi au kubeba mizigo mizito abadilishe mapema zaidi.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini oili ya motokaa huweza kudhuru klachi ya pikipiki?
2. Kuna tofauti gani kati ya MA na MB?
3. Juma huendesha kilomita 80 kwa siku. Atabadilisha oili baada ya siku ngapi, ikiwa kitabu kimeandika kilomita 2,000?
4. Soma kopo lililo mezani. Andika alama zake tatu. Je, linafaa pikipiki ya mwenzenu?

Swali la nne lijibiwe na kila mmoja kwa macho yake mwenyewe, asitazame daftari la jirani. Siku utakapokwenda dukani, jirani huyo hatakuwapo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.