Taa ya Betri Ikiwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari linalozimika kwenye foleni ya feri Likoni, juu ya Daraja la Nyali au katikati ya mzunguko wa Changamwe halimsumbui mwenyewe peke yake. Nyuma yake kuna matatu zilizojaa abiria, malori ya bandarini na pengine ambulansi. Mara nyingi chanzo ni hitilafu ya umeme wa gari, na mara nyingi vilevile mwenye gari huambiwa, "Betri imekufa, nunua nyingine." Hununua. Baada ya wiki mbili gari linakataa tena kuwaka, kwa sababu tatizo halikuwa betri.

Makala haya yanamweleza mkaazi jinsi ya kutambua kasoro iko wapi kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Umeme wa gari unavyofanya kazi

Betri ina kazi moja kubwa: kuwasha injini. Injini ikishanguruma, kazi ya kutoa umeme huchukuliwa na alternata. Huzungushwa na mkanda unaoendeshwa na injini, huwasha taa, feni, redio na kompyuta ya gari, kisha hurudishia betri umeme uliotumika wakati wa kuwasha. Ndani yake kuna kidhibiti kinachozuia umeme usizidi wala kupungua.

Kwa hiyo, gari lisipowaka asubuhi, maswali ni matatu: Je, betri imechoka? Je, alternata haichaji? Au kuna kitu kinachonyonya umeme usiku gari likiwa limelala?

Anza kwa macho

Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu yenye picha ya betri inapaswa kuwaka kwenye dashibodi. Injini ikishika, izime. Ikibaki imewaka, kuna hitilafu kwenye mfumo wa kuchaji. Isipowaka kabisa ufunguo ukigeuzwa, balbu au waya wake unaweza kuwa umekatika, nawe hutapata onyo siku ya shida.

Fungua boneti injini ikiwa imezimwa. Tazama mkanda: umelegea, umepasuka au unang'aa kwa kuteleza? Mkanda unaolia kama filimbi unapowasha gari au unapowasha AC unateleza, na alternata haizunguki inavyostahili.

Kisha tazama vichwa vya betri. Sisi wa Pwani tunaishi na joto, unyevu na upepo wa chumvi. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huzuia umeme kupita, ukafanya betri nzuri ionekane mbovu. Kabla ya kusafisha, zima gari, ondoa kwanza waya wa hasi (-), kisha wa chanya (+). Safisha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo na mswaki mkuukuu, kausha, rudisha waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, ukaze vizuri. Paka grisi kidogo juu yake. Angalia pia waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi la gari; ukila kutu hapo, matatizo ni yaleyale.

Sasa pima

Mita ya volti ndiyo shahidi wa kweli, na fundi yeyote wa umeme wa gari anayo. Mwambie apime mbele yako, nawe usome namba.

Kipimo cha kwanza: gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, asubuhi ni bora zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi. Chini ya 12.0, imeisha na inahitaji kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa.

Kipimo cha pili: injini ikinguruma. Katika magari mengi mita inapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu huku ikizidi kushuka, alternata haichaji. Ikipita volti 15, kidhibiti kimeharibika na betri inachemshwa. Utasikia harufu kama ya yai bovu. Zima gari na usiliendeshe hivyo.

Kipimo cha tatu: injini ikiendelea, washa taa kubwa, feni na AC. Volti zishuke kidogo tu na kubaki juu ya 13. Zikianguka chini ya hapo hata injini ikiongezwa mwendo, alternata imedhoofika au mkanda unateleza.

Kipimo cha nne: alternata ikitoa umeme mzuri lakini betri haipati, linganisha volti kwenye kichwa cha alternata na volti kwenye chanya ya betri, injini ikinguruma. Tofauti ikizidi takriban nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye waya uliooza au kiungo kilicholegea. Hapo dawa ni waya. Alternata mpya haitasaidia.

Kwa madereva wa malori ya volti 24 kule Miritini na Changamwe, zidisha namba hizi mara mbili. Baadhi ya magari ya kisasa hupunguza kuchaji makusudi betri ikijaa, hivyo usomaji mmoja wa volti 13 au chini kidogo si ushahidi tosha. Pima tena taa zikiwa zimewashwa. Gari la haiburidi lina mfumo tofauti wenye volti nyingi. Nyaya zake za rangi ya machungwa zisiguswe na asiye fundi wa magari hayo.

Gari linapokufa usiku

Betri ni nzima, alternata inachaji, lakini kila asubuhi gari ni la kusukuma? Tafuta mnyonyaji. Gari lililozimwa na kufungwa kwa kawaida hutumia chini ya ampea 0.05 baada ya kompyuta zake kulala. Fundi huunganisha mita ya ampea kwenye waya wa hasi, kisha anachomoa fyuzi moja moja. Fyuzi ambayo ikichomolewa namba inashuka ndiyo inayoonyesha njia. Anzeni na vilivyoongezwa baadaye: muziki mkubwa, king'ora, taa za mapambo, kifaa cha kufuatilia gari. Daiodi mbovu ndani ya alternata nayo huweza kunyonya betri usiku kucha.

Foleni pia inachangia. Injini ikiwa kwenye silensa, alternata huzunguka polepole na kutoa umeme kidogo. Saa nzima kwenye foleni ya feri huku AC, redio, taa na chaja za simu zikifanya kazi inaweza kuifilisi betri iliyokwisha kudhoofika. Zima usichohitaji.

Usikubali haya

Usikubali waya wa betri uchomolewe injini ikinguruma "ili tuone kama alternata inachaji". Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kidhibiti au kompyuta ya gari, ambayo ni ghali kuliko alternata yenyewe.

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri. Inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Asidi ikikuingia machoni au kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende kituo cha afya mara moja. Betri ya kuongezwa maji, iongezwe maji yaliyotoneshwa pekee. Maji ya kisima, ambayo mitaa mingi huku bara yana chumvi, huiua.

Na usikubali alternata nzima itupwe kabla ya kufunguliwa. Mara nyingi kilichoisha ni kaboni zake au kidhibiti, vitu vinavyobadilishwa kwa gharama ndogo kuliko alternata nyingine. Ukibadilisha chochote, dai risiti na dhamana ya maandishi, na upime tena kabla ya kuondoka.

Betri kuukuu iende wapi?

Ndani ya betri mna risasi na asidi. Mombasa haihitaji kuhadithiwa madhara yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya risasi kwenye udongo na katika damu za wakaazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya Mahakama ya Rufaa kuutengua.

Kwa hivyo usimwage asidi kwenye mtaro, usivunje betri nyumbani, na usiwaachie watoto waichezee. Irudishe dukani unaponunua nyingine, au uikabidhi kwa mkusanyaji aliye na leseni ya NEMA. Kila betri inayookolewa kwa kusafishwa vichwa au kubadilishiwa mkanda ni pesa iliyobaki nyumbani, na ni risasi isiyofika kwenye udongo wa jirani.

Taa ya betri ikiwaka ukiwa safarini, zima AC na redio na uelekee gereji iliyo karibu. Joto la injini likianza kupanda, mkanda umekatika, na katika magari mengi huo ndio pia unaozungusha pampu ya maji. Simama pembeni, zima injini na uweke pembetatu za tahadhari. Usiingie kwenye feri wala usianze barabara ya Dongo Kundu usiku ukitumaini kwamba utafika.